Waya Mweusi Chini ya Kitanda

Mnamo Desemba 2018 nilikuwa na gari lililokuwa matatu ya abiria 14, ambalo nililing'oa viti na kuligeuza nyumba ndogo ya safari, lenye kitanda, jiko la gesi, taa na friji ndogo ya volti 12 iliyotumia betri yake yenyewe, mbali na ile ya kuwashia injini. Friji ndiyo iliyoninyima usingizi. Tulikuwa tumepanga kumpeleka Mama nyumbani Siaya kwa Krismasi, na insulini yake ya akiba sharti ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kila jioni friji ilinguruma sekunde chache, ikazima, ikajaribu tena, ikazima.

Fundi wa kwanza alisema betri imekufa, nikanunua mpya, na hali ikabaki ile ile. Wa pili alipima umeme kwenye nyaya za friji, akapata volti 12.6, akakata shauri kwamba ubovu umo ndani ya friji yenyewe. Nilimwamini, kwa kuwa nambari niliiona kwa macho yangu.

Siku nne kabla ya safari nililipeleka gari Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, kwa mzee mmoja fundi wa umeme wa magari.

"Huyo fundi wa pili alipopima, friji ilikuwa imewashwa?" akaniuliza nilipomsimulia yote.

"Hapana, mzee, ilikuwa imezimwa."

"Basi hakupima kitu, mwanangu. Waya usiobeba mzigo utakuonyesha volti zote hata ukiwa umeshikwa na uzi mmoja tu."

Akaiwasha friji, akanipa mita niishike. Kompresa ilipojaribu kuanza, betri ilionyesha 12.5, lakini kwenye friji zilifika 10.2 pekee, na friji za aina hii hujizima volti zikishuka mno ili betri isikaushwe. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeona fundi yeyote akilifanya: aliweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya friji, apime kinachopotea njiani. Zilipotea 0.4, akasema huo ni urefu wa waya. Upande wa hasi zilipotea 1.9. Aliitazama nambari hiyo kwa muda, kisha akaanza kuondoa godoro.

Chini ya kitanda, waya mweusi wa athi, yaani ule wa hasi unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bati la gari, ulikuwa umefungwa kwa skrubu juu ya rangi mpya inayozuia umeme, ile iliyopulizwa tulipofuta michoro ya matatu. Kuzunguka kichwa cha skrubu palikuwa na pete ya kutu ya kahawia, na nilipogusa pale nilihisi joto. Mzee alisugua bati kwa msasa mpaka likang'aa upana wa shilingi, akatia bolti na washa yenye meno, akakaza, akapaka grisi juu ili unyevu usiingie. Tulipopima tena, upande wa hasi ulipoteza 0.1 tu, na friji ikapata volti 12 kamili. Kazi hiyo ilinigharimu pesa kidogo sana kuliko ile betri niliyonunua bure.

Usiku ule niliacha kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye friji. Asubuhi kilisoma nyuzi 4, na Mama akaja mwenyewe na kikasha chake cha dawa, akakipanga kwenye rafu ya chini.