Samaki asiye na miiba

Leo mchana, baada ya kuzunguka Kariakoo kutafuta viatu vya shule, niliingia hotelini na wanangu, wa miaka 5 na wa mwaka na nusu.

Nikaagiza wali samaki. Ukachelewa.

Mdogo akaanza kulia, akamwaga juisi ya ukwaju hadi kwenye kiti cha jirani. Nilitamani kuondoka.

Mhudumu akaja na kitambaa, akafuta, hakununa. Akarudi na kisahani cha watoto: samaki kamchambua miiba yote, wali anaupepea kwa menyu upoe.

"Kula taratibu, dada. Huyu nipe nimbebe."

Jamani, nimekula chakula kikiwa cha moto! Machozi yalinilenga.

Wazazi wenzangu, mkitoka na wadogo, chakula kikichelewa mnafanyaje?