Kurudisha barabara ya jangwani iliyokatwa na mafuriko: uzoefu wangu

Nilipokabidhiwa kikosi cha kutengeneza barabara iliyokatwa na mafuriko jangwani, kila mtu alitaka shimo lifukiwe upesi magari yapite. Mimi nikashuka kwanza upande wa chini, yanakoangukia maji baada ya kuvuka lami. Maji yakipanda juu ya tuta la barabara huanza kulila huko, kisha yanachimba kurudi nyuma hadi katikati ya barabara. Tukagonga lami kwa mtaimbo. Palipolia kama ngoma palikuwa patupu chini, ingawa juu huoni hata ufa. Vipande hivyo vyote tukavivunja, huku dereva wa greda akinung'unika kwamba tunaimaliza barabara nzima.

Kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lilikuwa zima, ila lilizibwa na mawe, mchanga na vichaka. Jangwani ardhi ni ngumu na mimea ni haba, kwa hiyo mvua kubwa haiwahi kuzama, inateremka kwa mpigo. Death Valley, Marekani, tarehe 20 Agosti 2023 ilinyesha takriban milimita 56 kwa siku moja, karibu mvua ya mwaka mzima. Ukishajua hayo, huna hamu ya kuongeza bomba jingine. Tukajenga drifti, yaani barabara inashuka korongoni na maji yanapita juu ya zege. Magari yakingoja saa chache, si neno. Nguvu nyingi tulizipeleka upande wa chini: ukuta wa zege ulioingia ndani kuliko maji yalivyochimba, na mbele yake gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, zilizotandikiwa kitambaa cha kuchuja, mchanga usije ukanyonywa.

Kilichonitesa ni kushindilia. Udongo mkavu haushikamani hata rola ipite mara ngapi, na jua linakausha maji ya boza kabla greda haijageuka. Tukahamishia kazi hiyo alfajiri, tabaka zisizozidi sentimita 20. Vipimo vya maabara vilikuwepo, lakini saa ya kazi nilitegemea kiganja: finya udongo, ukishikamana bila kulowesha vidole na ukakatika vipande viwili, rola ipite. Ukimomonyoka, boza lirudi.

Mabega ya barabara, yaani kingo zake, tuliyamalizia baadaye, magari yakiwa yameshaanza kupita. Siku hizi mvua kubwa ikinyesha, kinachobaki ni greda kusukuma mchanga kutoka juu ya zege.