Fundi bati wa Februari na fundi bati wa Aprili

Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote. Ila haikusema ufa uzibwe mwezi gani, na kwa sisi tunaoishi Tanga karibu na bahari, mwezi ndio habari yenyewe. Fundi bati anayepatikana Februari kwa simu moja, Aprili amekuwa mheshimiwa. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Fundi bati wa Aprili haji leo, na siku akija anakutajia bei ya mtu anayevujiwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Sahare na mama mkwe na watoto. Mume wangu kazi yake ni ya melini, nyumbani anakuja kwa vipindi. Kwa hiyo nyumba, gari, friji na chemba viko mikononi mwangu, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Nimeshashauriwa mara nyingi nitengeneze ratiba ya kila wiki na kila mwezi. Ratiba ya namna hiyo haikai kichwani mwangu, nikiibandika ukutani naizoea kama picha ya kalenda. Ninachofuata ni misimu: kaskazi, masika, kusi, vuli. Kazi ikifanywa msimu wake inakuwa nafuu, na fundi ana muda wa kukusikiliza.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kati ya Januari na Februari. Siusikilizi ili nijue kama mvua itakuwa ya wastani au juu ya wastani, maana bati bovu linavuja kwa zote mbili. Nausikiliza kwa sababu ukishatoka tu, nachukua simu nampigia fundi bati, kabla wenzangu hawajakumbuka kwamba wana mapaa.

Juu ya paa cha kwanza kutazamwa ni misumari. Kila msumari una kiraba chini ya kichwa chake, na jua la kaskazi ndilo linalokimaliza: kinakauka, kinapasuka, kinabaki nusu. Bati nalo mchana linatanuka, usiku linasinyaa, na msumari unapanda kidogo kidogo mpaka maji yanapata njia. Mwaka huu fundi aliniita nipande ngazi nione mwenyewe.

“Mwalimu, shika hapa.”

Nikashika kiraba, kikamegekea mkononi.

“Huku nyuma mizima. Huku kwa baharini yote imekwisha.”

Ndivyo ilivyo, chumvi haili nyumba sawasawa. Inaanza na zinki ya bati pale bati lilipokatwa, na pale bati mbili zinapolaliana, kwa sababu unyevu hukaa humo na hewa haipiti. Kwa hiyo simlipi fundi kung'oa misumari ya paa zima. Tunabadilisha ya upande wa baharini, tena tunaweka minene kidogo kuliko ya zamani ili ishike vizuri kwenye tundu lile lile la mbao, na kingo tunazipaka rangi ya bati. Ni kazi ya asubuhi, mchana fundi anakula kwetu. Mwenzangu kazini yeye alisubiri mpaka alipoona doa sebuleni. Silingi bodi ikishalowa haitengenezwi, inatupwa. Akanunua bodi, akanunua rangi, akalipa fundi bati na fundi silingi, na kochi lililokuwa chini ya doa sijalihesabu.

Fundi akiwa bado juu, hashuki kabla hajazoa majani ya mwarobaini kwenye gata. Baada ya hapo tunaosha simtanki, tunatoa ule mchanga wa chini, maana maji ya masika ni ya bure na sitaki yaingie kwenye tope la mwaka jana. Mvua ya kwanza tunaiacha imwagike, ioshe paa.

Chemba nayo ni kazi ya kaskazi. Watu huita gari la maji taka siku harufu ilipoanza, na mara nyingi siku hiyo ni katikati ya mvua. Maji ya ardhini yakipanda, shimo linajaa hata kama nyumbani mnaishi wawili. Magari ya kunyonya yanagombewa, na lori zito kwenye njia ya udongo iliyolowa, dereva akiangalia tu anageuza. Februari udongo ni mkavu, dereva anaingia mpaka mlangoni na bei inaongeleka.

Masika yenyewe sifanyi matengenezo yoyote. Natembea na penseli. Panapotoka tone naweka alama kwenye silingi, na tarehe pembeni. Fundi akija Julai jua linawaka atauliza “panavuja wapi?”, nami sitaki kumjibu “hapo hapo karibu na feni”.

Kusi ndio msimu wa rangi. Mama mkwe ananizuia nisianze Juni, anasema ngoja kwanza mchoo ukatike, na kweli vile vimvua vya kupita vinaharibu rangi mbichi kuliko mvua kubwa ambayo ungeiona ikija. Kuanzia Julai mpaka Septemba hewa imepoa, ukuta umekauka, fundi hachoki haraka. Kazi yangu kubwa ni grili za madirisha. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana grili za Tanga zinapakwa rangi kila mara na kila mara zinaoza. Mafundi wengi wanakwangua kutu kwa brashi ya waya, wanapiga msasa, wanapaka. Chumvi imebaki kwenye chuma. Baada ya miezi rangi inatoa malengelenge, ukiyatoboa ndani kuna kutu mbichi. Ukishamaliza msasa, osha chuma kwa maji ya bomba na kitambaa, acha kikauke kabisa, ndipo upake redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu rangi ya mafuta mara mbili. Na usisahau chini ya kile chuma cha mlalo, ambako brashi ya fundi mvivu haifiki. Hapo ndipo grili inapokatikia. Mimi napitisha kidole.

Na kuna suala la Idi. Sisi hatuwezi kuingia Idi na nyumba chafu, hilo halijadiliwi. Lakini kumi la mwisho la Ramadhani fundi rangi hapatikani mji mzima, kuanzia Makorora mpaka Chumbageni, na akipatikana amechoka na anapaka usiku. Isitoshe Idi haikai mahali pamoja, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Idi el Fitri ya 2024 ilikuwa Aprili 10, ya 2025 Machi 31. Yaani miaka hii ukipaka ukuta wa nje kwa ajili ya Idi, unaupakia masika. Tulichokubaliana na mama mkwe ni hivi: Idi tunapaka sebule, kwa mikono yetu na watoto. Ukuta wa nje unasubiri kusi. Alinung'unika sana mwaka wa kwanza, majirani wataonaje, lakini nyumba za majirani zilipoanza kuchuruzika Mei akanyamaza.

Gari ni habari nyingine. Ni Toyota IST ya cc 1300, na gari halijui kaskazi wala kusi, linajua kilomita. Naweka oili ya kawaida, kwa hiyo namwaga kila kilomita 5,000 na kubadilisha filta ya oili papo hapo. Injini yake inachukua chini kidogo ya lita nne. Nanunua dumu la lita nne mwenyewe kwenye maduka ya spea Ngamiani, pamoja na filta, ndipo naenda gereji. Fundi analipwa ufundi wake tu. Kinachobaki kwenye dumu kinakaa kwenye buti kwa kujazia, na oili chafu naichukua, tunapaka nguzo za banda la kuku mchwa wasizione.

Kujua gari lako lina nini ndani kunaokoa hela kuliko kubembeleza bei. Fundi mmoja aliniambia kwa uso mkavu kwamba taimingi belti imefika, akanitajia na gharama. IST haina taimingi belti, injini zake ni za cheni. Nikamwambia sawa, fungua, nioneshe hiyo ya zamani. Akasema tuache kwanza, bado inasukuma.

Mambo mengine ya gari nimeyafunga kwenye siku ya kukata bima. Tangu ile leseni ya barabara ya kila mwaka ifutwe 2017, bima ndiyo tarehe niliyobaki nayo, basi naitumia. Siku hiyo napima betri, nasafisha ule unga mweupe kwenye vichwa vyake kwa maji ya moto na kuvipaka grisi, natazama maji ya rejeta, na nasoma tairi. Pembeni mwa tairi kuna namba ndefu inayoanza na DOT, soma tarakimu zake nne za mwisho: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mitumba zinauzwa kashata, yaani meno yake, zikiwa nzuri kabisa huku mpira umezeeka, na muuzaji hakuambii usipouliza. Upepo napima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Breki haziendi na bima, zinaendana na Lushoto. Kwetu ni huko milimani, na Desemba shule zikifungwa tunapanda kwa mama. Kupanda kutoka Mombo hakuna neno, injini inalia tu. Shughuli ni kushuka, kona juu ya kona, na magenge upande mmoja. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na Tanga unyevu hatuununui. Ukishuka mteremko mrefu mguu uko kwenye breki muda wote, joto linapanda, yale maji yaliyojificha ndani ya mafuta yanachemka na kuwa mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Pedeli inazama na gari haisimami. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili, Novemba, nabadilisha mafuta ya breki yote, si kuongezea juu ya yale meusi. Pedi zinafunguliwa siku hiyo hiyo. Pedi ni bei ndogo. Ukiziacha mpaka chuma kiguse chuma, diski inachimbika, na hapo ni kuipeleka leizi ikachongwe au kununua nyingine. Wakati wa kushuka natia gia ndogo niiache injini izuie. Abiria wa nyuma wanalalamika kelele, waache walalamike.

Friji: weka noti ya elfu moja nusu ndani nusu nje, yaani ibane na mlango, halafu ivute. Ikitoka bila kushikwa, raba ya mlango imekufa na luku yako inaishia jikoni. Zungushia noti pande zote nne. Nyuma ya friji piga brashi vumbi. Mpira wa gesi ya kupikia paka povu la sabuni, povu likitoa mapovu mapya usiwashe. Hayo nafanya mwenyewe vuli ikikaribia, mwezi wa nane utabiri wake ukitoka, pamoja na kuzoa gata kwa mara ya pili.

Yote haya yanaandikwa kwenye kaunta buku linaloning'inia nyuma ya mlango wa stoo, na kalamu imefungwa kwa kamba kwa sababu watoto. Tarehe, kilomita, nini kimefanyika, bei, fundi nani. Safu ya bei ndiyo inayonisaidia nikibishana, maana fundi akisema vitu vimepanda namsomea alivyonitoza mwaka jana. Wakati mwingine kweli vimepanda, tunaongea. Hela zenyewe zinatoka kwenye kibubu cha simu, natia kidogo kila mshahara ukiingia, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Hasa mwezi huo.

Mume wangu aliporudi safari iliyopita alilisoma lile buku kuanzia mwanzo, kimya, akiwa na chai. Akauliza jambo moja: kwa nini pikipiki yake haimo. Nikamwambia pikipiki ni yake, kalamu hiyo hapo.