Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Umbali wa Mwezi

Watu wengi wakisikia kwamba kazi yangu ni kupima umbali wa Mwezi kwa leza hudhani kwamba ninakesha nikitazama picha za kupendeza, ilhali sehemu kubwa ya usiku huwa ninangoja nukta zitokee kwenye skrini, kila nukta ikiwa ni chembe ya mwanga iliyoifikia darubini.

Saa kumi alasiri niliingia kituoni, nikakagua saa ya atomiki, leza na kipimo cha shinikizo la hewa, kwa kuwa hewa huuchelewesha mwanga. Saa moja na nusu usiku tulifungua kuba, nikaielekeza darubini kwenye kioo cha Apollo 15, kimoja cha vioo vilivyoachwa Mwezini ili kuurudisha mwanga wa leza, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, kikiwa na prizimu (vipande vya kioo vinavyorudisha mwanga ulikotoka) 300, wakati vya Apollo 11 na Apollo 14 vina 100 kila kimoja. Mwanga huenda na kurudi kwa takriban sekunde mbili na nusu, na muda huo ndio unaotupa umbali. Kila mpigo wa leza huondoka na mabilioni kwa mabilioni ya fotoni, yaani chembe za mwanga, lakini hufika huko umetawanyika kwa kilomita kadhaa, na mara nyingi hairudi hata fotoni moja.

Usiku huo, kwa muda mrefu, haikurudi. Wingu jembamba lilitanda, saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Nilisogeza darubini kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, nikangoja, nikasogeza tena, nikizunguka pole pole mahali pale pale. Kila ndege ilipokaribia, rada ilifunga leza. Utaratibu huo ni wa haki, kwani mwanga wetu unaweza kuyadhuru macho ya rubani, lakini ilipofungwa mara ya nne mabega yalikuwa yananiuma. Skrini ilijaa nukta zilizotapakaa kama mchanga, zote zikiwa mwanga wa Jua unaoakisiwa na ardhi ya Mwezi.

Baadaye sana, nukta tatu zilijipanga kwenye mstari mmoja, ishara kwamba zilitoka kwenye kioo, kisha zikawa kumi, na mstari ukakolea. Nilijikuta nimesimama. Vipimo kama hivyo, vikiunganishwa na vyote vilivyochukuliwa tangu 1969, ndivyo vinavyoonyesha kwamba Mwezi unajitenga nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Bahari huvimba kwa mvuto wa Mwezi, na mzunguko wa Dunia huutanguliza uvimbe huo kidogo, nao huuvuta Mwezi mbele na kuupandisha kwenye mzingo mpana zaidi, huku Dunia ikipunguza mwendo na siku zetu zikirefuka.

Kabla Mwezi haujashuka mno nilijaribu Lunokhod 1, gari la Kisovieti lililobaki upande ambao Jua lilikuwa bado halijachomoza. Kioo chake, kilichotengenezwa Ufaransa, kilipotea kwa karibu miaka 40, hadi picha za chombo kinachouzunguka Mwezi zilipoonyesha gari lilipo, na wapimaji wa kituo cha darubini cha Apache Point, New Mexico, Marekani, wakaupokea mwanga wake mwaka 2010. Mimi nilipata fotoni saba. Niliziandika zote saba daftarini, nikafunga kuba.