Kompyuta ilikuwa inapoteza redio kila nikirusha kwenye megahezi 14

Nikibonyeza kurusha tu kwenye redio yangu ya ridhaa, iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, programu ya kuandikia mawasiliano inapoteza muunganisho na redio na kipanya kinaganda. Megahezi 7, shwari kabisa. Nikishusha wati 100 hadi 20 tatizo linakoma, lakini kwenye mashindano ya redio yenye msongamano wati 20 zinafunikwa na vituo vingine. Kubadilisha waya wa USB hakukusaidia, wala kusakinisha programu upya.

Dawa ni pete ya feraiti, yaani pete ya kauri yenye usumaku inayozuia mawimbi ya redio yasipite kwenye waya hadi kwenye kompyuta. Tayari ilikuwepo, ila waya wa USB ulipita ndani mara moja tu, sawa na bure. Nikachukua yenye tundu pana, nikapitisha waya mara saba, karibu na kompyuta. Uzuiaji wa mawimbi hayo hukua takriban kwa mraba wa idadi ya mizunguko, yaani karibu mara 49! Sasa narusha wati 100 na kipanya kinatembea.