Nilivyoifufua baiskeli ya shokapu mbili ya miaka ya tisini

Wanaoiona kwa mara ya kwanza huuliza injini ya hii pikipiki iko wapi. Siwalaumu. Haina lile bomba la juu tulilozoea. Fremu yake ina umbo la herufi Y, na kati ya fremu na mkono wa nyuma unaobeba gurudumu imelala shokapu ya springi. Baiskeli za namna hii zilivuma Marekani na Ulaya katikati ya miaka ya 1990. Trek, kiwanda cha baiskeli cha Marekani, walitoa za kwao mwaka 1995, na viwanda vingine havikukawia kuwa na Y zao. Leo wenyewe wamezitupa stoo, na stoo za Ulaya tunajua huishia wapi: kwenye kontena la mtumba.

Yangu niliikuta kwa muuza baiskeli za mtumba hapa Moshi, imeegemezwa nyuma ya baiskeli za watoto, jina la kiwanda limeshabanduka. Alitaja bei, tukavutana, tukaishia shilingi 150,000. Fremu alumini, rimu za inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma, breki za V, yaani za mikono miwili inayobana rimu. Hizo namba ndizo zilizonifanya niingize mkono mfukoni. Baiskeli ya milimani ya kisasa, yenye rimu za inchi 29 na gia 12 nyuma, ikikufia mkononi utaagiza spea mbali na kungoja. Lakini tairi la 26, mnyororo wa gia saba, raba za breki za V na waya zake, hata fundi wa kibanda cha chini ya mti anavyo, maana baiskeli za kawaida za dukani zinatumia hivyohivyo. Kazi ngumu ilibaki kwenye shokapu na bushi, vile vipande vya duara ambamo boliti za mkono wa nyuma huzunguka.

Kabla ya kununua hata nati nilitafuta nyufa. Alumini ikichoka inapasuka, na mafundi wengi wa kuchomelea mtaani wana mashine ya fimbo za chuma tu, isiyofaa kitu kwa alumini. Mbinu niliyotumia ni ya mafundi wa zamani. Unaosha fremu, unapaka mafuta ya taa kwenye kila weldi, unayaacha yazame, unafuta mpaka pakauke kabisa, kisha unasugua chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari kwenye chaki. Nilikagua shingo, pale Y inapogawanyika, na masikio yanayoshika shokapu. Chaki ikabaki nyeupe. Ingechora mstari, fremu ningeipeleka skrepa nibaki na rimu.

Nguzo ya kiti ilikuwa ya chuma na ilishikana na alumini kwa kutu ya miaka mingi. Hapo nyundo haisaidii, itapasua fremu. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo nilibana nguzo kwenye jiliwa, nikamimina birika la maji yanayochemka juu ya bomba la fremu, halafu nikaizungusha fremu nzima kama usukani wa lori. Ililia, ikaachia.

Ndani ya shokapu ya mbele kulikuwa na uchafu tu. Shokapu za enzi zile nyingi hazikuwa na springi ndani, zilikuwa na vipande vya raba maalumu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Raba hiyo haivumilii umri. Ya kwangu ilishaoza, nikaikwangua kwa waya na petroli. Nikaweka springi kutoka kwenye shokapu chakavu ya baiskeli ya dukani, grisi ya kutosha, nikafunga. Haina ulaini wa asili yake lakini inafanya kazi.

Shokapu ya nyuma ndiyo iliyonila muda. Springi ilikuwa nzima, mafuta yalishavuja yote. Springi bila mafuta hukurudishia kila ulichoikandamiza kwa nguvu ileile: ukipita tuta kiti kinakurusha, ukishuka ngazi ya mawe unarushwa tena kabla hujatulia. Ukitafuta ya kubadilisha, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu jingine. Yangu ilikuwa milimita 165, na kipimo hicho si adimu. Soma pia namba iliyoandikwa kwenye springi. Kama ni 650, maana yake ni ratili 650 za kuibonyeza inchi moja. Mtu mzito akiweka springi laini halafu akakaza ile pete inayoibana springi mpaka mwisho, hajaifanya ngumu, ameinua kiti tu. Ukikaa juu ya baiskeli umetulia, shokapu inatakiwa ishuke kama robo ya umbali wote inaoweza kubonyea.

Nilipata nyingine yenye mafuta kwenye mzoga wa baiskeli kwa muuzaji yuleyule. Urefu sawasawa, ila macho yake, yale matundu ya boliti, membamba kuliko masikio ya fremu yangu, na egemeo kuu la mkono wa nyuma, pale unapojizungushia kwenye fremu, nalo lilikuwa limelika kiasi kwamba ukishika gurudumu ulilitikisa kushoto na kulia. Nikabeba vyote kwa mzee mmoja mkereza vyuma, ambaye kazi yake ya kila siku ni pini za matrekta na shafti za mashine za kusaga.

Akageuza bushi ya zamani vidoleni, akaipima kwa kalipa, akaguna.

"Kijana wangu, hii unataka iingie kwa nyundo au kwa kidole?"

"Ya nje iingie kwa jiliwa, Meku," nikamjibu kwa heshima ya Kichaga kwa mzee. "Boliti ipite kwa kidole, isicheze."

"Basi usinipe kipimo cha ile iliyokufa. Niletee boliti yenyewe na fremu yenyewe."

Hilo ndilo lililookoa kazi. Bushi iliyolika inakudanganya kwa karibu nusu milimita. Alikata fimbo ya nailoni nyeupe, akaifunga kwenye mashine, na kila alipopunguza kidogo aliichomoa boliti mfukoni na kuijaribu. Utepe wa nailoni ulikuwa unatoka mwembamba na mrefu, unajikunja miguuni kwake, naye hakuutazama hata mara moja; alikuwa anasikiliza sauti ya kisu. Washa za kujaza upande wa macho ya shokapu alizikereza kwa alumini. Tulipomaliza, gurudumu halikutikisika tena.

Sasa kuiendesha. Kwenye baiskeli hizi za Y, kranki na pedeli zimefungwa kwenye mkono wa nyuma pamoja na gurudumu. Faida yake ni kwamba mnyororo haukazi wala kulegea shokapu inapofanya kazi. Hasara yake ni kwamba ukisimama juu ya pedeli, uzito wako wote unahamia kwenye mkono wa nyuma, na shokapu inakuwa kama imefungwa. Kupanda kwenda Kibosho hilo ni zuri sana: nasimama, nakanyaga, haidundi. Kushuka ndiko kunakotaka ujifunze upya, kwa sababu mwili unataka kusimama penye mawe, na ukisimama tu, nyuma inagoma. Mimi hushusha kiti kidogo, nikabaki nimekigusa, magoti yamekunjwa, nikaiacha shokapu inibebe. Utasikia umbali wa kiti na pedeli ukibadilika chini yako. Inakera mwanzoni, halafu mguu unazoea.

Njia ninazozipenda ni zile za kuvuka vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, kati ya ua wa isale, mmea wao wa mipaka, na mfereji, mahali ambapo upana ni wa mtu na mzigo wake wa majani ya ng'ombe. Mwenye mzigo kichwani ndiye mwenye njia. Wewe shuka, egemea ukingo, salimia. Jumapili huwa naenda msitu wa Rau, tambarare na kivuli, na huko shokapu inakula mizizi vizuri mno. Masika siendi popote: udongo mwekundu unajaa kwenye breki za V mpaka gurudumu linasimama lenyewe, na tope likikauka kwenye bushi ni msasa.

Nikirudi nafuta egemeo kwa kitambaa, naliangalia kwa kutikisa gurudumu, basi. Nailoni haitaki grisi nyingi, grisi inakusanya vumbi. Zikilika bushi hizi nitajaribu za shaba kwenye egemeo kuu peke yake, ingawa mzee ananiambia shaba itapiga kelele nikisahau kuipaka mafuta, na ananijua.