Randa ya Kilo Mbili

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yetu hapa Isevya, Tabora, aliniita nikamsaidie kupanga bei ya vifaa vya marehemu mumewe. Mzee alikuwa seremala wa mbao za mninga na mkurungu, na sanduku lake lilikuwa uvunguni tangu arobaini ipite.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kijana wa vyuma chakavu kapita, anataka vyote kwa kilo. Nikamwambia angoje kwanza."

Bora alimngojesha. Juu kabisa palikuwa na randa ya chuma, Record namba 5, ya Sheffield, Uingereza, urefu inchi 14. Kwenye mizani ya chakavu hiyo ni kilo mbili na kidogo, hela ya sukari tu.

Mafundi wengi wakiona kitu "cha mkoloni" wanachanganyikiwa na jina. Mimi nafungua kwanza, nakitoa kisu, naangalia chuma kilichobaki cha kunoa. Kikiwa kimeliwa hadi karibu na tundu lake, umenunua pambo la sebuleni. Hiki kilikuwa bado kirefu, na upande wake wa nyuma, pale kwenye makali, uling'aa hadi niliona kope zangu. Mng'ao huo hauji kwa siku moja. Mzee alikuwa ananoa.

Kisha nikaigeuza, nikapitisha ukucha kwenye mdomo wake, ule upenyo wa chini kinapotokea kisu, kutafuta ufa. Hapo nina kidonda. Mwaka 2019 niliuziwa randa iliyopakwa grisi vizuri sana. Nilipoifuta nyumbani nikaukuta ufa. Nikampelekea fundi wa kuchomelea, lakini chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hakichomelewi hivi hivi: ufa ukakimbia mbele zaidi. Elfu sitini hiyo, kwaheri.

Misumeno ilikuwa miwili. Wa zamani ulikuwa umepigwa tupa ya pembe tatu miaka mingi hadi ubapa ukapungua, na bado unakata. Mpya ulikuwa na meno meusi ya kibluu nchani. Hayo yamechomwa yakawa magumu kuliko tupa, kwa hiyo yakiwa butu ndiyo basi, hayanoleki. Wa zamani tuliuwekea elfu arobaini. Mpya nikasema ukatie matawi ya mwembe.

Vijana wa fenicha siku hizi wana randa za umeme, na hawakosei, kazi inakwenda. Ila masika yakija milango inavimba, na mteja anataka wake upunguzwe palepale ulipo, umeme uwepo usiwepo. Hapo ndipo wanapokuja kuniazima.

Sasa niseme la aibu: randa ile niliitaka mwenyewe. Anayepanga bei akiwa ndiye mnunuzi, hiyo ni dhuluma kwa mjane. Nikamwita fundi mwenzangu kutoka Ng'ambo aitazame, bila kumwambia kitu. Moyoni nilikuwa na laki na ishirini. Akapiga maranda mawili kwenye kipande cha mninga, membamba kama ganda la kitunguu, akasema, "Mama, usishuke laki na themanini."

Nimelipa laki. Themanini namalizia mwisho wa mwezi.

Nyundo mama amekataa kuuza. Anazuilia nayo mlango wa jikoni, haufungi vizuri. Nikamwambia nitakuja niupige randa.

"Uache tu," akasema.